Mgahawa Uliokaa Katikati ya Leni ya Kushoto

Kwa mujibu wa daftari la barabara za jimbo, mgahawa wa samaki wa Bi Odessa Pettigrew ulikuwa umekaa katikati ya leni ya kushoto ya Barabara Namba 961, ile leni ya wenye haraka, maili moja nukta nne kutoka mwanzo. Jikoni kwake magari yalitakiwa kupita kwa kasi ya maili hamsini na tano kwa saa. Chooni pia.

Ukienda mwenyewe ukaangalia, hukuti barabara kuu yoyote. Unakuta mtaa mpya, miti midogo iliyofungwa kwenye vigingi isije ikaanguka, theluji imelala juu ya mabenchi, na jengo dogo la matofali mekundu lenye harufu ya rangi mbichi. Lakini daftari lilisema barabara ipo. Na hapa Genoga daftari likishasema, hata meya ananyamaza.

Mwenye daftari alikuwa Tad Wrobel.

Tad alikuwa na miaka sitini na tatu, mrefu, ameinama kidogo mbele kama mtu aliyeangusha funguo. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa amefanya kazi moja tu, kupima barabara na kuziandika: inaanzia wapi, inaishia wapi, inavuka nini, inakutana na ipi, yote kwa maili na nukta zake. Kazi ilikuwa imemwingia mwilini. Ukimwuliza njia ya kwenda hospitali hakwambii ukifika kanisani upinde. Anakwambia, "Nenda nane nukta tatu. Ukifika nane nukta nne umeshapita." Mkewe, Bernadette, alichumbiwa kwenye maili ya kumi na moja nukta nne ya Barabara Namba 18, na kila mwaka siku hiyo Tad humpeleka palepale. Wanasimama kando ya shamba la kabichi la watu, wanashikana mikono, wanarudi nyumbani.

"Wenzangu wanapewa maua," Bernadette husema. "Mimi napewa nukta nne."

Na kulikuwa na jambo moja ambalo Tad hakukubali kulivunja hata kwa dawa. Hajawahi kuandika maili ambayo gurudumu lake halijaipita.

Hiyo 961 watu waliiita Kitanzi, maana iliuzunguka mji katikati kama kamba shingoni. Ilichimbwa mwaka 1961 ndani ya handaki refu, na ili ipite, mitaa kumi na mmoja ilibomolewa. Wakubwa wa siku zile walidhani watu wote watakuwa na haraka milele. Ikafika siku wenye haraka wenyewe wamehamia mbali, na magari yaliyobaki kwenye Kitanzi mengine yalikuwa yamepotea tu, yanazunguka mara ya pili. Mwisho mji ukaamua kulifukia. Malori yakamwaga udongo viangazi vitatu mfululizo, na mitaa ya zamani ikarudi juu ya udongo kama vile imeamka usingizini. Familia zilizohamishwa zikaitwa zichukue viwanja.

Ndipo Bi Odessa akapata chake, kwenye Mtaa wa Ormond, hatua chache kutoka ilipokuwa nyumba ya mama yake. Nyumba ilipovunjwa alikuwa na miaka kumi na miwili. Sasa ana sabini na sita, na katikati hapo amekaanga samaki miaka arobaini kwenye chumba cha chini cha kanisa, akipika kwenye jiko la kuazima. Akajenga. Akaweka majiko mapya. Akaja afisa wa leseni, akafungua ramani yake, akakuna kichwa.

"Mama, hatutoi leseni ya kuuza chakula juu ya barabara kuu ya jimbo."

"Barabara gani?"

"Hii tuliyosimama."

Bi Odessa akatazama chini. Alikuwa amesimama kwenye vigae vyake vyeupe, alivyovichagua mwenyewe.

Jumatatu asubuhi akatinga ofisini kwa Tad na koti lake la zambarau na kofia ya manyoya, theluji ikimdondoka mabegani.

"Wewe ndiye Wrobel?"

"Ndiyo, Bi..."

"Pettigrew. Nimekuja uniondolee barabara jikoni."

Tad akavuta kiti. Akamweleza taratibu, kama anavyoeleza kila kitu. Wafukiaji walikuwa wameyatangulia makaratasi. Kitanzi kimekufa, ila hakijazikwa kwenye daftari. Ili barabara ifutwe lazima ipimwe mara ya mwisho, kutoka mwanzo mpaka mwisho, na kipimo kilingane na kile kilichoandikwa siku ya kwanza. Kikilingana, kompyuta inaifuta. Kisipolingana, inaiacha yote.

"Na wewe unangoja nini kuipima?"

"Theluji iyeyuke."

"Itayeyuka lini?"

"Aprili."

Bi Odessa akavua glavu moja, kidole kimoja kimoja, akaiweka mezani. "Bwana Wrobel, wewe ni Mkatoliki?"

"Ndiyo."

"Basi Ijumaa hii ni nini?"

Tad akaigeukia kalenda ya ukutani. Keshokutwa ilikuwa Jumatano ya Majivu, na Ijumaa inayofuata ni Ijumaa ya kwanza ya Kwaresima. Genoga nzima hula samaki wa kukaanga siku hiyo, Mkatoliki na asiye Mkatoliki, hata wasioamini kitu wanaamini samaki. Na watu wa hapa wana tabia moja: pale walipopanga foleni Ijumaa ya kwanza, hapohapo watapanga wiki zote mpaka Pasaka. Ukiikosa ya kwanza, umekosa mwaka.

"Samaki wangu wanafika Alhamisi," Bi Odessa akasema. "Ratili mia nne. Nikifungua Ijumaa, nina mgahawa. Nisipofungua, nina jokofu kubwa lenye harufu. Sasa niambie habari za Aprili."

Tad akasimama, akachukua kofia yake.

Jumanne akatoka na gurudumu. Ni gurudumu moja la chuma lenye mpini mrefu, na kila futi linagonga, tak. Alianzia pale mteremko wa zamani wa kuingilia Kitanzi ulipoanzia, karibu na vizuizi vya saruji, akafuata mstari wa katikati kama ulivyochorwa kwenye ramani. Shida ni kwamba mstari wa ramani haukujua kuwa watu wamejenga.

Kwenye nusu maili ukaingia kwa daktari wa meno. Tad naye akaingia. Tak, tak, tak, mpaka mezani pa mapokezi.

"Una miadi?" dada wa mapokezi akauliza.

"Hapana, napita tu."

"Unapita kwenda wapi?"

"Leni ya mashariki."

Mgonjwa mmoja aliyekuwa na pamba mdomoni akainua miguu ili gurudumu lipite. Mbele kidogo mstari ukaingia kwenye chumba cha kufulia cha jengo la wapangaji, ambako mzee mmoja alikuwa amesimama na taulo tu akisubiri suruali yake ikauke. Wakasalimiana. Mbele zaidi akakuta sanamu ya theluji ya watoto, ina pua ya karoti, imekaa sawasawa juu ya mstari. Tad akasimama. Akaitazama. Akalizungusha gurudumu upande wa kushoto, kisha akarudi upande wa pili, akatoa hesabu ya ule mzunguko kwa penseli kwenye kiganja. Hakuibomoa.

Kwa Bi Odessa alipita mlango wa mbele akatokea mlango wa jikoni.

"Futa miguu!" Bi Odessa akampigia kelele.

"Na gurudumu?"

"Na gurudumu!"

Akamaliza saa saba. Maili mbili nukta sita moja. Akala mkate wake ndani ya gari, akarudia yote tena kutoka upande wa pili, daktari wa meno, mzee wa taulo ambaye sasa ana suruali, wote. Mbili nukta sita moja.

Daftari la mwaka 1961 lilisema mbili nukta sita nane.

Alipoingiza namba yake, kompyuta ikafikiri, kisha ikatoa maandishi mekundu: baki, sifuri nukta sifuri saba. Barabara ipo.

Tad alikaa akiyatazama yale maandishi mpaka chai yake ikapoa. Nukta sifuri saba ni futi mia tatu na sabini. Mahali fulani duniani kulikuwa na futi mia tatu na sabini za barabara kuu ambazo hazina ardhi chini yake. Na kwa sababu yake, Kitanzi chote kilikuwa bado hai.

Akampigia simu Bi Odessa. Akamwambia ukweli.

Bi Odessa akauliza, "Umeipoteza barabara?"

"Kipande tu."

"Bwana Wrobel, glavu inapotea. Meno ya bandia yanapotea, ndugu yangu alipoteza yake ziwani. Barabara inapoteaje?"

Tad akaifungua tena ramani.

Asubuhi ya Jumatano ya Majivu alipitia kanisani, akapakwa alama kwenye paji la uso, kisha akaenda alikokwenda kila asubuhi ya maisha yake ya kazi: kwenye duka la donati la Kontos, karibu na vile vizuizi vya saruji. Mwenyewe Kontos alikuwa mtu mnene, mweupe wa unga mpaka kwenye nyusi, na duka alilirithi kwa baba yake, aliyelifungua kabla Kitanzi hakijachimbwa. Kahawa ya Tad haikuhitaji kuagizwa. Ilikuwa imeshamiminwa.

"Una uso wa mtu aliyefiwa," Kontos akasema.

"Nimepungukiwa nukta sifuri saba."

"Basi ongeza hiyo nukta sifuri saba twende zetu. Nani atakuja kuhesabu?"

"Siandiki nisichopita."

"Loo, kichwa! Bernadette anavumilia vipi?"

Tad akageukia dirisha na kahawa yake. Theluji ilikuwa imeanguka tena usiku. Lori la manjano la jimbo, lenye jembe pana la chuma mbele, likaingia kwenye maegesho ya Kontos, likasukuma theluji yote kutoka mlangoni mpaka kule kwenye vizuizi, likapiga honi mbili za salamu, likageuka. Tad alikuwa ameliona likifanya hivyo miaka thelathini na minne. Lilikuwa kama saa ya ukutani, mtu haioni mpaka isimame.

Safari hii akaweka kikombe chini.

"Kontos. Kwa nini lori la jimbo linasafisha maegesho yako?"

Kontos akaanza kufuta kaunta kwa nguvu. "Wema tu. Watu wema wale."

Tad akatoka nje bila koti. Dereva wa lori alikuwa Yvette Sobczak, mwanamke mwenye mabega kama mlango, wamejuana miaka mingi. Akashusha kioo.

"Yvette, unasafisha hapa kwa amri ya nani?"

"Ya karatasi." Akamwonyesha orodha iliyobandikwa juu ya usukani. "Barabara 961, anzia sifuri, mlangoni pa Kontos. Zamani nilikuwa naendelea mpaka chini. Tangu walipofukia, nafika pale kwenye saruji, natazama kushoto, natazama kulia, narudi. Watu wananiona kama mwendawazimu, lakini karatasi ndiyo inasema, mimi ni nani?"

Anzia sifuri. Mlangoni pa Kontos.

Tad alibaki amesimama kwenye theluji, na miaka ikamrudia. Siku yake ya kwanza kazini alipandishwa gari na mzee Elwood Fitch, ambaye ndiye alipima Kitanzi kilipokuwa kipya, na ambaye sasa amelala makaburini. Fitch alikuwa na ada yake. Alitoka kwa Kontos donati ikiwa mdomoni, akakaa, akawasha gari, na kwa kidole chenye sukari akarudisha mita ya maili kwenye sifuri, hata kama barabara yenyewe haijafika. "Kazi inaanza kahawa ikiisha," alisema. Wapimaji wote wa zamani walifanya hivyo, kisha wakatoa kile kipande cha mwanzo kwenye hesabu wakifika ofisini. Wakikumbuka.

Mwaka 1961 Fitch hakukumbuka.

Tad akaenda kulitoa gurudumu kwenye buti. Alipogeuka, Kontos alikuwa amesimama juu ya zulia la mlangoni kwake, aproni ikipeperuka, mikono ameifungua kama mlinda lango.

"Usipime hapa. Pana barafu, utavunjika nyonga."

"Kontos, sogea."

"Tad, sikiliza. Miaka sitini theluji yangu inasukumwa na serikali. Baba yangu aliacha maneno matatu kabla ya kufa, na mojawapo lilikuwa 'nyamaza'. Ukiifuta hii, nani atanisukumia? Mgongo huu?"

"Kumbe ulijua."

"Nilijua wanakuja. Sikuuliza wanatoka wapi. Wewe mtu akikuletea zawadi unamdai kitambulisho?"

Hapo ndipo koti la zambarau likatokea pembeni ya duka. Bi Odessa alikuwa ameshuka kwenye gari lake, paji lake pia lina alama ya majivu.

"Ofisini wameniambia uko kazini," akamwambia Tad. "Nikauliza kazini wapi, wakacheka, wakanielekeza kwenye donati. Kuna nini hapa?"

Tad akamweleza. Mlango huu ndio sifuri. Kuanzia kwenye lile zulia mpaka kwenye saruji ni barabara kuu ya jimbo, kwa daftari. Maegesho yote.

Bi Odessa akasikiliza. Akamtazama Kontos. Akalitazama dirisha lililokuwa ubavuni mwa duka, ambapo gari moja lilikuwa limesimama na mkono wa msichana wa Kontos ukitoa boksi la donati.

"Ngoja nielewe. Mimi nimenyimwa leseni kwa sababu nauza chakula juu ya barabara kuu."

"Ndiyo," Tad akasema.

"Na lile gari limesimama wapi?"

Kontos akamfanyia msichana ishara afunge dirisha.

"Miaka sitini," Bi Odessa akaendelea, sauti tamu kama sharubati, "kila siku, unamwuzia mtu donati katikati ya barabara kuu ya jimbo. Mimi hata samaki mmoja sijauza nimeshaitiwa afisa. Jina lake ninalo kwenye mkoba, kijana mzuri sana, anapenda kusaidia watu. Nimpigie aje aone na hapa?"

"Bi Odessa, hakuna haja..."

"Simu ninayo."

Kontos akashuka kwenye zulia. Akaliokota, akalikung'uta theluji, akalikunja kwapani.

"Pima," akamwambia Tad. "Pima upesi uifute, kabla sijafungwa."

Gurudumu likawekwa kwenye kizingiti. Tak. Likapita dirishani pa donati, likapita pipa la taka, likapita chini ya kioo cha lori la Yvette, ambaye alizima injini ili asikie. Bi Odessa alitembea pembeni akihesabu kwa sauti, amemshika Kontos mkono asiteleze, au asikimbie. Kwenye mia mbili Kontos naye akawa anahesabu, hakuweza kujizuia. Kwenye mia tatu na hamsini Tad akapunguza mwendo. Gurudumu likagusa saruji.

"Mia tatu na sabini," wakasema wote watatu.

Saa nane mchana Tad aliingiza namba. Kompyuta ikafikiri. Kisha barabara namba 961 ikatoka kwenye orodha, na iliyokuwa chini yake ikapanda juu kujaza nafasi, basi. Hakuna aliyepiga makofi. Ilibaki sehemu ya maelezo, na hiyo ndiyo iliyomchukua muda. Alimkumbuka Fitch na kidole chake chenye sukari. Akaandika: "Mwanzo ulikuwa mlango wa Kontos. Kipimo cha E. Fitch cha 1961 kimehakikiwa. Hakikupunguza futi hata moja, kilianza mapema tu."

Alhamisi afisa wa leseni akaja na karatasi, samaki wakaja na barafu.

Ijumaa saa kumi foleni ilikuwa imetoka mlangoni kwa Bi Odessa, ikapita miti ya vigingi, ikakunja kona. Alikuwemo daktari wa meno. Alikuwemo mzee wa taulo, amevaa suti. Alikuwemo Kontos, ameshika kiuno kwa mikono miwili, koleo jipya la theluji limemtia adabu tangu alfajiri.

"Nasikia kwako watu wanaingia bila kuteleza," akamwambia Bi Odessa alipofika kaunta. "Nani amekusukumia theluji?"

"Mimi. Nina miaka sabini na sita. Wewe una ngapi?"

"Niongezee saladi ya kabichi."

Tad na Bernadette walipewa meza ya dirishani. Bi Odessa akawaletea mwenyewe sahani zao, samaki mrefu mpaka mkia unaning'inia nje, chipsi, kipande cha limau. Tad hakugusa uma. Alikuwa anatazama sakafu, kisha ukuta, kisha sakafu, midomo inachezacheza.

"Ana nini?" Bi Odessa akauliza.

"Anatafuta namba," Bernadette akasema. "Hawezi kula mahali asipopajua."

"Jumanne hapa palikuwa moja nukta nne," Tad akasema, karibu kwa huzuni. "Sasa sijui ni ngapi. Hapa tuko wapi?"

Bi Odessa akamsogezea chumvi.

"Kwangu," akasema. "Kula, inapoa."